Mieleka ya Damu: Tuelezwe Kabla ya Kukatazwa

Naomba nafasi katika jarida letu la Chama cha Kiswahili nitoe dukuduku langu kuhusu jambo ambalo limekuwa gumzo hapa Ganze mwaka huu, kuanzia vibanda vya vidio hadi kwenye foleni ya maji. Jambo lenyewe ni mieleka. Sisemi ile ya kushikana na kubwagana mchangani ambayo kila mchunga mbuzi anaijua. Nasema ile ya viti vya chuma, meza, seng'enge na damu, ambayo wenyewe huiita hadikoo, yaani mieleka isiyo na breki, na ndugu yake mkali zaidi anayeitwa pambano la kifo. Nitangulize kusema kwamba mimi ni shabiki, ili mtu asije akadhani nimetumwa.

Chanzo cha gumzo kinajulikana. Kijana mmoja wa gredi ya nane alipigwa mkononi na mwenzake kwa taa ya mrija iliyoungua, waliyoiokota jalalani. Walikuwa wakiiga kitu walichokiona kwenye simu. Kioo kilimwingia karibu na kifundo cha mkono, akakimbizwa kwa bodaboda, akashonwa, na hadi leo kidole chake kimoja hakikunjiki sawasawa. Wazazi wakakutana, wakaazimia vibanda vya vidio visionyeshe tena mieleka, na wapo wanaotaka mwanafunzi yeyote atakayepatikana na picha hizo afukuzwe shule wiki mbili. Hasira yao naiheshimu, maana uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini dawa waliyoichagua haigusi ugonjwa. Kibanda kinaweza kufungwa kwa kufuli, simu je? Na zile taa zingine mpaka ninapoandika haya bado ziko pale pale jalalani. Kwa maoni yangu yule kijana hakuumizwa na kuona. Aliumizwa na kuona bila kuelezwa.

Basi na tuelezane.

Swali la kwanza la kila mgeni ni hili: ni kweli au ni uongo? Babu yangu akipita nyuma yangu husema, "Mjukuu wangu, hao wanakudanganya na wewe wadanganyika." Wenzangu darasani nao huapa mpaka mate yanawatoka kwamba ni kweli tupu. Naona kila upande umeshika nusu ya jambo. Atakayeshinda huamuliwa kabla ya kengele kulia. Wanaopigana mara nyingi ni marafiki, na wameshapatana nani atapigwa, kwa kitu gani na mahali gani pa mwili. Hiyo ndiyo nusu ya babu. Lakini kiti ni chuma, na seng'enge ni ile ile ya boma la ng'ombe. Damu ya usoni nayo mara nyingi hutoka hivi: mpiganaji huficha kipande cha wembe kwenye bendeji ya mkono, akianguka kifudifudi anajichanja mwenyewe kwenye paji la uso, kisha anainuka analowa. Sisi ambao wengi wetu tumechanjwa chale tunajua kwamba wembe haupungui ukali kwa kuwa mkono ni wako. Ukitaka kuielewa mieleka hii shika neno hili: matokeo hupangwa, maumivu hayapangwi.

Jina la pambano la kifo linatisha, ingawa hakuna anayeingia akikusudia kuua. Waliolikuza zaidi ni Wajapani. Mwaka 1989 jamaa mmoja aitwaye Atsushi Onita, ambaye awali alikuwa amestaafu kwa ajili ya goti, alianzisha kampuni yake ya FMW. Agosti 4, 1990, huko Tokyo, alikutana na Tarzan Goto katika ulingo uliotolewa kamba. Mahali pa kamba palizungushwa seng'enge iliyotegwa baruti, ukiigusa inalipuka. Baadaye wakaja Big Japan, iliyoanza 1995, ndio hao waliozipa umaarufu zile taa za mrija. Huko Marekani ilikuwapo ECW ya Philadelphia, iliyojiita ya mieleka iliyopita mipaka tangu 1994 hadi ilipofilisika 2001. Ukumbi wao ulikuwa wa kuchezea bingo, na mashabiki walikuja na vikaango kutoka nyumbani ili wapiganaji wavitumie. Fikiria mama anatafuta sufuria ya ugali jioni, kumbe iko ulingoni!

Ukiniuliza uanzie wapi, nitakuambia usianze na Japani. Anza na Mick Foley. Huyu ni Mmarekani mnene, nywele timtim, hana misuli ya kupendeza, na ungemkuta Mariakani ungedhani ni dereva wa lori anayengoja kupima mzigo. Juni 28, 1998, mjini Pittsburgh, alipanda juu ya paa la tundu la chuma pamoja na Undertaker. Undertaker akamrusha. Foley akaporomoka karibu mita tano mpaka kwenye meza ya watangazaji. Wagema wetu wanajua mita tano ni nini. Akalazwa kwenye machela, akashuka kwenye machela, akapanda juu tena! Safari hii paa likaachia chini yake, akaanguka ndani ya ulingo, kiti nacho kikamfuata usoni, na jino lake moja likaonekana limetokeza puani. Anguko la kwanza walikuwa wamelipanga. La pili hawakulipanga kabisa, na Undertaker mwenyewe amesema alidhani mwenzake amekufa. Mtu akiyaona maanguko yale mawili, moja la mpango na moja la ajali, yakifuatana katika dakika chache, ameshapata somo lote bila mwalimu.

Kutoka hapo rudi nyuma kidogo, Agosti 20, 1995, uwanja wa Kawasaki. Foley, wakati huo akijiita Cactus Jack, alikutana katika fainali na Terry Funk. Funk alikuwa na miaka 51, umri wa baba zetu, na ndiye mtu ambaye Foley alimpenda na kumheshimu kama mwalimu wake. Seng'enge, mbao zenye baruti, moshi. Foley akashinda. Nawaomba wageni wasizikodolee macho seng'enge. Watazame wale watu wawili wanavyoangaliana kati ya pigo na pigo. Pale pana hadithi ya mwanafunzi anayempiga mwalimu wake kwa sababu mwalimu mwenyewe ametaka apigwe. Mimi nikiulizwa napenda nini katika mieleka hii, napenda hicho. Siku hizi kuna mapambano ya kuvunjiana vioo mia moja bila hadithi yoyote, na hayo naona ni kazi ya fundi wa madirisha.

Sasa bei yake. Januari 24, 1999, Foley alifungwa pingu mikono nyuma na The Rock akampiga kwa kiti kichwani zaidi ya mara kumi. Mkewe na watoto wake wadogo walikuwa wamekaa mbele kabisa, watoto wakalia hadi wakaondolewa. Yote yamo katika filamu ya Beyond the Mat ya mwaka huo huo. Watoto wale walikuwa wameelezwa na baba yao kwamba ni mchezo, na bado walilia. Mwaka 2007 alikufa mwanamieleka Chris Benoit, na madaktari walipouchunguza ubongo wake walikuta umeharibika vibaya. Tangu 2010 kampuni kubwa ya WWE imepiga marufuku kumpiga mtu kichwani kwa kiti. Kama wao wenye madaktari ulingoni waliacha, kijana wa Ganze mwenye taa ya jalalani anaendelea kwa ujuzi gani? Taa ile ina unga na zebaki ndani yake, si kioo peke yake.

Kuna mzee mmoja aitwaye Abdullah the Butcher, yaani mchinjaji, aliyewatoboa wenzake kwa uma miaka na miaka. Makovu ya kichwa chake ni mifereji, sarafu inasimama humo. Mwaka 2014 mahakama ya Ontario huko Kanada ilimwamuru alipe zaidi ya dola milioni 2, kwa kuwa alimkata mwenzake kwa wembe aliokwisha kujichanja nao, na yule mwenzake akaambukizwa homa ya ini aina ya C. Somo la wembe mmoja kwa watu wengi tumefundishwa tangu shule ya msingi. Hapo ndipo penyewe.

Lakini huyo Abdullah ana jambo jingine linalonikera. Kwa miaka yote alitangazwa kuwa ni mwendawazimu kutoka Sudan. Sudan gani? Jina lake ni Lawrence Shreve, kazaliwa Windsor, Kanada. Mwenzake ni Kamala, aliyetangazwa kuwa jitu la Uganda, akipakwa rangi usoni na kutumbo, amevaa kitambaa cha chui na kushika mkuki, eti hajui hata kuzungumza. Huyo alikuwa James Harris wa Mississippi, Marekani, aliyeanza uigizaji huo 1982. Simlaumu Harris. Alikuwa akitafuta riziki, maradhi ya sukari yakamkata miguu yote miwili, akafariki 2020. Nawalaumu waliokaa ofisini wakaamua kwamba neno Uganda na neno Sudan yanatosha kumtisha Mzungu. Tunaposhangilia kanda hizo za zamani kibandani, tujue sehemu ya tunachoshangilia ni sisi wenyewe tukichekwa.

Ukitaka kumwona Mganda wa kweli akipigana, yuko Mukono, mashariki ya Kampala. Kuna kikundi kinaitwa Soft Ground Wrestling. Ulingo hawana, kwa hiyo wamezungusha fito, wamelainisha udongo ukawa matope, na humo wanabwagana wavulana kwa wasichana huku kijiji kizima kikipiga kelele. Kanda zao zimezunguka dunia nzima kwenye simu. Hawana taa za mrija wala baruti, wana matope tu, na raha ni ile ile. Kwa nini? Kwa sababu wameanza na jambo la kwanza, kujifunza kuanguka.

Na tusijifanye kwamba kupigana kwa mapatano ni ugeni tulioletewa na runinga. Kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila Julai katika sherehe ya Mwaka Kogwa wanaume hucharazana kwa mabua ya migomba ili kumaliza vinyongo vya mwaka. Lamu kuna kirumbizi, watu wawili na fimbo zao, ngoma na zumari zikiwaongoza. Michezo hiyo ina wazee wanaosimamia na wanaokueleza lini uache. Hicho ndicho kilichokosekana kwa wale vijana wetu jalalani. Hapakuwa na mzee, hapakuwa na mwalimu, hapakuwa na refa. Tukifukuza watoto shule kwa wiki mbili tutakuwa tumewarudisha huko huko kusiko na mtu.

Kwa hiyo namwomba mlezi wa chama chetu, kwa heshima zote, muhula ujao atutengee Ijumaa moja ya mjadala. Hoja iwe: "Kanda za mieleka zionyeshwe shuleni mbele ya mwalimu." Tumwalike na muuguzi atueleze juu ya wembe na kichwa. Tumwalike yule kijana pia, kama mama yake ataridhia, kwa sababu watu wote wamezungumza juu ya mkono wake isipokuwa yeye. Upande wa kuunga mkono nitausimamia mimi. Wa kupinga, nimesikia mwalimu wa zamu wa Jumanne amejaa hoja tele, na mimi niko tayari kumsikiliza.