Mbu anauma mchana, wakubwa wamelala!

Ndugu msomaji, hebu nikuulize. Homa ikikubana leo unafanya nini? Wewe ni kijana wa mjini, jibu nalijua. Unavuka barabara hadi duka la dawa, unanunua dozi ya malaria bila kupima, unaongezea vidonge vya maumivu, unalala nusu siku, kesho yake uko gereji au juu ya bodaboda maana usipoingia kazini hakuna wa kukulipa. Homa ikigoma, unanunua dozi nyingine. Nayo ikishindwa unaanza kumtazama jirani kwa jicho baya!

Jirani muache. Yupo mgonjwa mwingine mjini humu ambaye wakubwa humkumbuka tu pale magazeti yanapopiga kelele. Anaitwa kidingapopo, hospitali wanamwita dengue. Huyu huja kwa kishindo. Asubuhi mzima, jioni unatetemeka. Kichwa kinagonga, macho yanauma kwa nyuma kana kwamba mtu anayasukuma yatoke, misuli na viungo vyote kama umepigwa rungu. Wengine hutoka vipele, wengine hawaoni dalili yoyote na hawajui kama wamewahi kuugua.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo vijana wanapouawa. Siku ya tatu, ya nne au ya tano homa hushuka. Unashangilia, unarudi kazini. Kumbe hatari yenyewe ndiyo inaanza! Ukisikia tumbo linauma sana, unatapika mfululizo, fizi au pua zinatoa damu, mwili umelegea au hutulii, kimbia hospitali usingoje kesho. Na vile vidonge vya maumivu unavyotafuna kama karanga, diklofenaki, aspirini, ibuprofeni, achana navyo, vinachochea kutoka damu. Meza parasetamoli kwa kipimo, kunywa maji mengi, pima. Dawa ya kuua kirusi chenyewe haipo. Tena kirusi kina aina nne. Ukiugua aina moja, umepona hiyo tu; ukipatwa na nyingine baadaye, inaweza kukushambulia vibaya kuliko ya kwanza.

Ukiwauliza waheshimiwa, utaambiwa eti ni ugonjwa mgeni, tuvumilie, wataalamu wanafuatilia. Mgeni gani? Unguja waliugua mwaka 1823, wakaugua tena mwaka 1870, na daktari Mwingereza James Christie aliyekuwa huko akaandika habari zake na jina lake: kidinga pepo. Wapo wanaoamini hata hilo neno dengue limetoka kwetu pwani. Hapa Dar es Salaam ulionekana mwaka 2010. Mwaka 2014 ulilipuka, Kinondoni ikaumia kuliko wengine, na daktari mmoja wa jiji hili akafa nao. Mabasi ya mikoani yakapuliziwa dawa, picha zikapigwa. Mvua zilipokatika, kimya! Mwaka 2019 ukarudi na hesabu kubwa zaidi, wagonjwa zaidi ya 6,000 waliothibitishwa nchini, wengi wao Dar. Hao ni waliopimwa. Mlalahoi aliyeishia duka la dawa nani alimhesabu? Vipimo vyenyewe vilikuwa vya pesa, mpaka kelele zilipozidi ndipo serikali ikatangaza vituo vyake vipime bure.

Tatizo la wakubwa wetu ni kwamba kwao mbu ni mmoja tu, yule wa malaria. Wanakupa neti, basi, kazi imekwisha. Neti usiitupe, malaria bado ipo. Lakini Aedes, mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Muda huo wewe uko kijiweni, umekaa juu ya tairi bovu. Na ndani ya tairi hilo ndimo alimozaliwa! Hataki mtaro wenye maji machafu. Anataka maji yaliyotulia kwenye matairi, makopo, vifuu, mapipa na ndoo zako za akiba. Mayai yake hukauka ukutani mwa ndoo miezi na miezi, mvua ikirudi yanaanguliwa.

Hapo ndipo nakataa kusikia hotuba za "wananchi fukieni madimbwi". Nani kamfanya mama wa Manzese au Mbagala ajaze mapipa uani? Bomba lisilo na uhakika! Mwaka 2022 mto Ruvu ulipopungua, jiji zima liliingia kwenye mgao. Mtu anayepata maji siku mbili kwa wiki atayaweka wapi, mfukoni? Afunike pipa, sawa, na kila wiki alisugue, sawa. Lakini mwenye kuleta maji naye afanye sehemu yake.

Tena dawa ipo, na haitoki Ulaya. Pale Kibaha, mwendo mfupi tu kutoka Dar, kipo kiwanda cha Shirika la Maendeleo ya Taifa kilichojengwa kwa utaalamu wa Wacuba na kuzinduliwa mwaka 2015. Kinatengeneza dawa ya bakteria. Viluwiluwi wakiila matumbo yao yanaharibika wanakufa, binadamu hadhuriki. Juni 2017 Rais Magufuli alikwenda pale akakuta halmashauri hazinunui. Akaagiza wakurugenzi wote wanunue. Miaka miwili baadaye jiji likalazwa kitandani! Agizo lilikwenda wapi?

Wapo watakaonirushia kwamba miaka ile baadhi ya halmashauri za Dar zilikuwa na mameya wa upinzani. Kweli, na waliokaa kimya kwenye vikao wajibu na wao. Ila mkurugenzi anayeshika kalamu ya malipo huteuliwa na rais, hachaguliwi na diwani wala meya. Tangu uchaguzi wa 2020 chama tawala kimeshika karibu kila kiti, hakuna tena wa kumsingizia.

Kupuliza moshi mtaani kila ugonjwa unapolipuka ni maonyesho. Moshi unaua mbu anayeruka wakati huo, viluwiluwi ndani ya pipa wanaendelea kuogelea. Kazi inatakiwa ifanyike kabla ya masika, Januari na Februari, mtaa kwa mtaa, gereji kwa gereji. Kwa hiyo diwani wako akija kijiweni na shangingi lake, mchokoze kwa maswali matatu. Halmashauri imenunua lita ngapi za dawa ya Kibaha mwaka huu? Ilimwagwa mitaa gani, tarehe gani? Na zahanati yetu ina vipimo vya dengue leo, siyo kesho? Akikujibu kwa mdomo, mwambie mtaa unataka karatasi.