Kabla ya Kulipia Shamba la Mtoni, Kwangua Jiwe

Leo sina ratiba ya kupulizia wala bei ya nyanya. Wapo watakaosema "huyu bwana shamba sasa kazidi", lakini nivumilieni kidogo.

Misimu mitatu iliyopita nilikosea. Kikundi cha vijana kilitaka kukodi ekari 4 za pilipili hoho pembeni ya kijito kinachoshuka kutoka milima ya Uluguru. Wakaniuliza kama maji yanafaa kwa dripu. Tukachota chupa moja, tukapeleka maabara, majibu yakarudi mazuri: chumvi iko chini, naitreti kidogo, pH haina shida. Nikawaambia lipeni. Kumbe chupa ile tuliichota katikati ya masika, kijito kimejaa, kila uchafu umezimuliwa. Septemba maji yamebaki kidogo, mipira ikaziba kwa ute wa mwani na bakteria. Chujio linaoshwa mara tatu kwa siku na bado matone hayatoki. Mistari ya mwisho ya hoho ilikauka na maua yake. Mkopo haukukauka.

Maabara haikudanganya. Ilijibu swali la siku ile tu, na mimi nikalifanya jibu la mwaka mzima. Ndiyo maana siku hizi, kabla sijamshauri mtu kuhusu maji ya mto au ya bonde oevu, nataka kujua kuhusu diatomu.

Diatomu ni mwani mdogo wa seli moja, haonekani kwa macho. Ule utelezi wa kahawia unaokuangusha ukikanyaga jiwe mtoni, mara nyingi sehemu yake kubwa ni hao. Gamba lao ni la silika, kitu kilekile kinachotengeneza kioo, kwa hiyo mwani akifa gamba halioi kirahisi. (Ile ardhi nyeupe ya diatomu ambayo baadhi yenu mnachanganya na mahindi kufukuza wadudu wa ghala ni magamba hayohayo. Kule Kariandusi, Kenya, wanayachimba kutoka ziwa lililokauka zamani.)

Sasa utamu wake ni huu. Diatomu ameng'ang'ania jiwe, hawezi kukimbia. Mbolea ikipita usiku, maji machafu yakifunguliwa Jumapili wakati hakuna anayechota chupa, yeye yupo. Aina zinazovumilia uchafu huongezeka, zisizovumilia hupungua, na mabadiliko hayo hubaki kwenye jiwe kwa wiki kadhaa. Ukikuta Achnanthidium minutissimum kwa wingi, kwa kawaida maji yana hewa ya kutosha na uchafu kidogo. Ukikuta Nitzschia palea na Gomphonema parvulum ndio wametawala, anza kuuliza nani anamwaga nini huko juu.

Wala si mchezo wa jana. Mwaka 1995 Kelly na Whitton walichapisha kipimo cha mito ya Uingereza kinachowapa diatomu alama 1 hadi 5 kwa jinsi wanavyohusiana na virutubisho kwenye maji. Kwetu huku, matope ya chini ya Ziwa Victoria yamesomwa kwa magamba hayohayo: zamani Aulacoseira walikuwa wengi, baadaye Nitzschia wakachukua nafasi kadiri virutubisho kutoka nchi kavu vilivyozidi kuingia ziwani.

Kazi ya mkulima ni ndogo. Chagua angalau mawe 5 yaliyozama kwenye maji yanayotembea, yasiyo kivulini. Kama kulikuwa na mafuriko, subiri kama wiki nne, kwa sababu mafuriko husugua mawe. Suuza kila jiwe taratibu, kisha piga mswaki mpya upande wa juu, maji ya kahawia yaingie kwenye chupa, weka spiriti kidogo yasiharibike. Kwenye bonde oevu lisilo na mawe, kwangua mashina ya matete yaliyo ndani ya maji. Mengine mwachie mwenye hadubini: atachoma mabaki kwa kemikali na kuhesabu magamba mia tatu, mia nne. Kwa kikundi cha watu kumi, gharama ile mkigawana haimuumizi mtu kama nilivyowaumiza mimi.

Tusidanganyane, diatomu hawatakutajia jina la kiuatilifu, wala hawatakuhakikishia kuwa maji ni salama kuoshea mchicha wa sokoni. Kwa hayo bado unahitaji vipimo vya kemia na vya vijidudu. Na hesabu zilizotengenezwa Ulaya zinatakiwa zipimwe kwenye mito yetu kabla ya kuziamini moja kwa moja. Lakini Tanzania tayari tuna TARISS, mfumo wa kupima afya ya mto kwa kutumia wadudu wa majini, kwa hiyo kusema viumbe hai ni mambo ya maprofesa tu ni uvivu. Maoni yangu ni kwamba anayeomba kibali cha maji ya umwagiliaji angepaswa kuleta na majibu ya diatomu ya kiangazi, si chupa ya masika peke yake.

Kuna sababu moja inayofanya wengine wasipende jambo hili, na huwa hawaisemi. Ukikwangua mawe juu ya shamba lako, unakwangua na chini yake. Juu pakiwa safi na chini pakiwa na Nitzschia watupu, basi mchafuzi ni wewe, na ile urea uliyomwaga jioni ya mvua. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka ukingoni, na sote tunajua matuta ya kabichi yanaishia wapi. Maji hayo yanaingia Ruvu, na Ruvu inanywewa Dar es Salaam, na wateja wenu wako hukohuko.

Vijana wale wa hoho hawajaacha kilimo. Wamepata shamba lingine, kijito kingine, na safari hii hawajalipa bado. Wiki ijayo tunaenda na miswaki. Tutakwangua juu ya shamba, chini yake, na chini ya shamba langu mwenyewe ambalo liko mtaa wa pili. Majibu yakitoka nitayaweka hapa, hata kama ya kwangu ndiyo mabaya.