Mali Imelala Zizini

Wakulima wa Mbulu na Hanang ni watu wa kazi. Hilo halina ubishi. Lakini yapo mambo ya kusikitisha ambayo hatuna budi kuyasema. Mwenye ng'ombe zizini anakopa fedha anunue mfuko wa mbolea ya chumvichumvi kwa ajili ya kijibustani cha sukuma wiki, na huku samadi yake inachukuliwa na mvua hadi korongoni. Hiyo ni hasara kwake, na ni hasara kwa taifa zima.

Bei ya mbolea ilipopanda duniani mwaka 2022, Serikali ililazimika kuanzisha ruzuku katika msimu wa 2022/23. Ruzuku ni msaada mkubwa kwa mwenye ekari za mahindi au ngano, wala hatuipingi. Twauliza tu: je, na matuta manne ya mchicha nyuma ya nyumba yangoje meli kutoka ng'ambo?

Maarifa haya si mageni kwetu. Katika milima ya Kainam, Wairaqw wamelima miteremko ileile kwa vizazi vingi. Ng'ombe hulala ndani ya nyumba, samadi hukusanywa na kupelekwa shambani, na matuta hukinga maji yasiondoke na udongo. Tulinganishe na Basotu. Mashamba makubwa ya ngano yaliyoendeshwa na NAFCO kwa msaada wa Canada yalitwaa ekari zipatazo 100,000 za malisho ya Wabarabaig. Matrekta yalikuwapo, na wataalamu walikuwapo. Hata hivyo makorongo yakachimbika. Ardhi haijali ukubwa wa mtambo. Yataka kurudishiwa kile ilichotoa.

Kwa bustani ndogo, njia mojawapo ya kuirudishia ni mbolea ya maji, ambayo wengine huiita chai ya mboji. Chukua pipa la lita 200. Tia samadi iliyooza, kilo 30 hadi 50, katika gunia, ulifunge na kulining'iniza katika maji kwa mti uliolazwa juu ya mdomo wa pipa. Funika pipa, uliweke kivulini, na ukoroge kila baada ya siku chache ili hewa ipenye. Baada ya wiki mbili au tatu maji yamekwisha kuiva. Yaongeze maji safi hata yawe na rangi ya chai nyepesi, kisha mwagia shinani, udongo ukiwa na unyevu. Makapi ya guniani usiyatupe. Yarudishe katika lundo la mboji. Asiye na ng'ombe atumie mboji ya majani na maganda ya jikoni.

Lakini tusidanganyane. Chai hii haizidi ubora wa samadi iliyotiwa, wala haichukui nafasi ya mboji yenyewe, maana mboji ndiyo inayoupa udongo nguvu ya kushika maji. Kazi yake ni kuwahisha chakula kwenye mizizi ya mche. Wanaonadi kwamba huponya kila ugonjwa wa mimea wanasema jambo lisilothibitika. Aidha, samadi ina vijidudu vinavyoweza kuharisha watu. Kwa hiyo isimwagwe kwenye majani ya mboga zinazoliwa mbichi, na aliyeishika anawe mikono kwa sabuni.

Je, nani aanze? Twasema waanze viongozi. Wananchi wa Dongobesh, Haydom na Katesh wamekwisha kusikia hotuba za kutosha juu ya kilimo. Mwenyekiti wa tawi ambaye uani kwake hakuna hata lundo la mboji hana haki ya kumhimiza mwenzake. Mwalimu awe na pipa shuleni, mfanyakazi awe nalo nyumbani, na bwana shamba azuru bustani hizo badala ya kungoja ofisini.

Pipa moja halitamtajirisha mtu. Litamwezesha mfanyakazi wa mshahara mdogo kulisha watoto wake mboga bila kuingia katika deni la dukani. Huo ndio mwanzo wa kujitegemea, na mali ya kuanzia imelala zizini.