Mikoko ya Rufiji katika Darasa la Milimani

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilikaa nyuma ya darasa, katika shule moja ya msingi karibu na Isongole, nikimsikiliza mwalimu mwanafunzi akifundisha habari za misitu. Aliandika ubaoni kwamba wenyeji wa delta ya Rufiji walikuwa wakiiharibu mikoko, ndipo Wajerumani wakaihifadhi mwaka 1898. Mwaka ni sahihi. Maelezo mengine yamepotoka, na kwa maoni yangu haifai sisi walimu tuendelee kuyarithisha.

Boriti za mikoko zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako miti ya kujengea ni haba, karne nyingi kabla ya bendera ya Mjerumani kupandishwa pwani. Hata upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Unguja na Lamu ulifuata urefu wa boriti hizo. Serikali ya kikoloni iliitangaza mikoko kuwa mali yake, ikamtoza fedha mkataji, ikauza boriti, na magome yakapelekwa Ulaya kutengenezea ngozi. Mwanakijiji aliyekata nguzo za nyumba yake akawa mkosaji. Shoka lilelile, mkononi mwa mwenye kibali, likaitwa biashara. Je, hiyo ilikuwa hifadhi? Kwa sehemu, pengine. Lakini mtoto aelezwe ilikuwa kwa faida ya nani.

Tena yako mafuriko. Warufiji hawakuyaona kuwa balaa tupu. Mpunga waliupanda kwa mvua, ukakua pamoja na maji yaliyopanda. Maji yakipungua, walipanda mahindi na mazao mengine katika tope lenye rutuba, kilimo wanachokiita mlau. Hiyo ni elimu ya mto iliyopatikana kwa kuutazama vizazi na vizazi. Mkoloni alitaka pamba. Kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba ilichangia kuzuka kwa Vita vya Maji Maji mwaka 1905, na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro, jirani na delta hiyo. (Wanafunzi wengi huikumbuka zaidi manowari Königsberg, iliyozamishwa humo Julai 1915, utadhani mto uliumbwa kwa ajili ya meli.) Wala dharau kwa elimu ile haikwisha na ukoloni: baada ya mafuriko ya 1968, Serikali yetu wenyewe iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni.

Mtauliza, mtoto wa Isongole, aliyezoea viazi na ukungu, ataielewaje mikoko? Mwonyesheni milima ya Uporoto. Mvua inyeshayo upande wetu huingia mto Kiwira hadi Ziwa Nyasa. Inyeshayo upande wa pili hushuka Usangu, ikaingia Ruaha Mkuu, kisha Rufiji, na siku hizi hupita kwanza katika Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Mkulima wa mlau anayangoja maji yaliyoanzia nyuma ya mlima wetu.

Kisha lipelekeni darasa ukingoni mwa msitu wa hifadhi wa Mlima Rungwe. Watoto wawaulize wazee ni nani aliyeuweka mpaka ule, na kabla yake kuni na dawa zilitafutwa wapi. Majibu yaandikwe ubaoni kama yalivyotolewa, hata yakipingana.