Bibi Asiyekuwepo Anavyowatesa Matapeli wa Simu

Kuna bibi mmoja huko Uingereza ana stori kuliko mashangazi wote wa kwenye vikao vya harusi. Tapeli akipiga kutaka namba za benki, bibi anaanza habari za familia, mara kufuma sweta, mara anataja namba za uongo. Jamaa anasubiri weee, wakati mwingine hadi dakika 40!

Kumbe bibi mwenyewe hayupo. Ni programu ya akili mnemba iliyotambulishwa na kampuni moja ya simu Novemba 2024.

Wengi walicheka wakapita, ila hapo kuna somo. Simu zinazopigwa na mashine, zile zilizowachosha watu Marekani, zinaishi kwa sababu kupiga ni bei chee. Zinapigwa maelfu, akinasa mmoja tu siku imelipa. Kufungia namba hakusaidii sana, maana namba inayotokea kwenye kioo inaghushiwa. Sauti nayo inaghushiwa: Januari 2024, wapiga kura wa New Hampshire walisikia sauti kama ya rais wao ikiwashawishi wasiende kwenye kura ya mchujo. Mwezi uliofuata, mamlaka ya mawasiliano ikatangaza kwamba kupigia watu simu za sauti bandia bila ridhaa yao ni kuvunja sheria.

Ndiyo maana sasa mashine zinafundishwa kupambana na mashine. Zinaangalia namba gani inapigia watu wengi kwa muda mfupi, na ipi imelalamikiwa. Safi sana. Lakini zikipewa rungu la kukata simu zenyewe, hapo ni balaa. Chukua dada wa Kibongo aliyeko Houston, anasubiri kuitwa kwenye usaili. Siku hiyo ofisi inapigia watu kibao, mashine inaiona ni ya kitapeli, inakata. Kazi imekwenda na dada wa watu hata hajui.

Dawa ni mashine ipokee, isikate. Tangu 2018, simu za Google Pixel huko Marekani zina msaidizi anayemuuliza mpigaji ni nani na ana shida gani. Majibu yanatokea kwenye kioo, mwenye simu anaamua mwenyewe. Mwenye shida ya kweli atajieleza kwa sekunde chache tu. Tapeli apelekwe kwa bibi akasikilize habari za sweta.

Na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wakae mkao wa kula, bibi wa Kibongo akija watajuta.

Wadau mnasemaje, mashine ikate au ipokee? Dondosha maoni hapo chini.