Tusimnyang'anye Mgonjwa Kijiko

Kila tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani, sisi waseminari huwatembelea wagonjwa tukiwa na sukari, sabuni na rozari. Ni jambo jema. Lakini mwaka huu bibi mmoja aliyepooza upande wa kulia kwa kiharusi ametuonyesha kuwa hata wema una namna ya kukosea.

Tulimkuta anakunywa uji. Ulipomwagika, mmoja wetu alishika kijiko ili amnyweshe. Binti yake akatuzuia: "Mwacheni, Frateri. Hospitali wamesema anywe mwenyewe." Mpini wa kijiko ulikuwa umezungushiwa kitambaa ili unenepe, mkono dhaifu upate kuushika. Huo ulikuwa ushauri wa mtaalamu wa tiba kwa vitendo.

Wengi wetu tulikuwa tunamchanganya na mtaalamu wa fiziotherapia. Huyu wa fiziotherapia hushughulika na mwendo wenyewe: kuimarisha misuli, kukaa bila kuanguka, kusimama, kutembea. Yule wa tiba kwa vitendo huanzia kwenye shughuli za kila siku. Humfundisha mgonjwa kuoga, kupika kwa mkono mmoja, kuvaa shati kwa kutanguliza mkono uliopooza. Hata nyumba huikagua, akashauri kiwekwe kishikio chooni. Wanahitajiana.

Darasani tunajifunza kwa Aristotle kwamba uwezo hukamilika katika tendo. Baada ya kiharusi, ubongo hujifunza upya kwa kurudiarudia tendo lilelile. Basi anayemlisha mtu anayeweza kujaribu kujilisha huulaza uwezo huo, hata kama anafanya kwa upendo. Yesu naye hakumbebea godoro yule mwenye kupooza. Alimwambia alibebe mwenyewe.

Kwa hiyo tunaziomba jumuiya ndogondogo: pamoja na sukari, changeni nauli ya kliniki. Mazoezi haya huchukua miezi, na nauli ikikatika nayo hukatika. Mpangeni pia jirani mmoja amsindikize mgonjwa, ajifunze mazoezi na kuyasimamia nyumbani.

Nasi tunaojiandaa kwa upadre tujizoeze kutulia wakati mwingine anajaribu. Bibi alitumia karibu nusu saa kumaliza bakuli lake. Tulichelewa Masifu ya Jioni, na hatujutii.