"Kuumwa tumbo" si jina la ugonjwa

Vijana wenzetu wa Kalemie na Mpala,

Kila siku tunasema juu ya barabara, maji na umeme. Leo tuseme juu ya mstari mumoja ndani ya rejista ya kituo cha afya.

Mutu anafika, tumbo linamusumbua. Wanaandika "kuumwa tumbo" ao "gastriti", wanamupa vidonge, anarudi nyumbani. Lakini ndani ya ile neno moja munaweza kujificha vidonda vya tumbo, minyoo, tifoide, hata kolera. OMS imepatia kila ugonjwa alama yake: kolera A00, kidonda cha tumbo K25, gastriti K29. Kuna sababu.

Vidonda vya tumbo mara nyingi vinaletwa na mikrobe inaitwa Helicobacter pylori, na dawa zake ziko. Kama haikuandikwa, muganga wa kesho atatoa ibuprofeni juu ya maumivu, na kidonda kinaweza kuanza kutoka damu.

Kolera ni mbaya zaidi. Huku kando ya Ziwa Tanganyika tunaijua tangu miaka ya 1970. Mutu akihara maji matupu mara tatu ao zaidi ndani ya saa 24, iyo ni alama ya hatari. Wakimuhesabu kama "gastriti", ripoti ya juma inasema hakuna kitu: klore haitumwi, serumu haifiki, na ugonjwa unapanda mutumbwi kwenda kijiji kingine.

Hatutukani wauguzi. Wengi wanatumika bila mushahara wa Leta, bila maabara, wengine bila hata fishi. Ni Leta tunauliza.

Tunaomba:

1. Fishi na rejista zitumwe bule katika vituo vyote, mpaka Mpala.

2. Wauguzi wafundishwe kuandika dalili, siku zilianza, na dawa walitoa. Pasipo hakika, waandike "inashukiwa", wasibahatishe jina.

3. Hesabu ya kila juma ibandikwe mbele ya kituo, bila majina ya wagonjwa.

Wenye diploma tuko wengi, tunakaa bila kazi. Kuandika na kuhesabu tunajua: mutupatie kazi iyo.

Na wewe, ndugu, usitoke kwa muganga bila karatasi. Muulize kwa heshima: "Umeandika ugonjwa gani?" Ni haki yako.